Mpira wa Mkojo Ukikwama Nyumbani

  

Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi huona haya kulitaja mbele ya watu, nalo ni mpira wa mkojo, ule ambao hospitalini huitwa katheta. Sitasema mengi juu ya magonjwa yanayomfanya mtu awekewe mpira. Nataka tuutazame mpira wenyewe kama chombo: jinsi unavyojikunja, unavyoziba, unavyovuja na unavyochomoka, na wewe ufanye nini yakikufika hayo saa ambayo hakuna nesi karibu.

Nianze na kisa kimoja.

Asubuhi moja, kabla hatujafungua zahanati, nilimkuta mama ameketi barazani na baba mkwe wake. Walitoka vijiji vya ndani upande wa Kinango. Mzee alikuwa ametoka hospitalini siku nne zilizopita, akiwa amewekewa mpira kwa sababu ya tezi dume. Tangu saa nne ya usiku mfuko haukuwa umepata hata tone. Mzee alikuwa akiugulia chini ya kitovu, na suruali yake ilikuwa imelowa. Walikodi pikipiki hadi barabarani, wakapanda matatu ya alfajiri, na nauli yenyewe mama aliikopa kwa jirani.

Nilimlaza mzee kitandani nikamfunua. Nikakuta mpira umezungushwa pajani na kufungwa kwa kipande cha leso ili usining'inie. Pale chini ya fundo ulikuwa umekunjika kabisa, kama mpira wa kumwagilia mboga ukikanyagwa. Nikafungua fundo, nikaunyoosha mpira. Mkojo ukaanza kuteremka papo hapo. Mzee akashusha pumzi, na kabla mkojo haujaacha kuteremka alikuwa amekwisha lala usingizi.

Yule mama akaanza kulia. Akasema, "Sista, kumbe ni mimi niliyemfunga baba?"

Nilimwambia hapana, kosa ni letu sisi wauguzi. Waliomruhusu mzee walimpa mama mfuko wa akiba na kadi ya kliniki, lakini hakuna aliyeketi naye dakika kumi kumweleza chombo kinavyofanya kazi. Nami pia nimewahi kumruhusu mgonjwa hivyo hivyo, wodi ikiwa imejaa na foleni imefika mlangoni. Basi mama, kipindi cha leo ndizo dakika kumi hizo.

MPIRA UMEUNDWAJE?

Mpira unaotumika sana huitwa Foley, kwa jina la daktari Frederic Foley wa Marekani aliyeutengeneza katika miaka ya 1930. Kwa nje ni mpira mmoja, lakini ndani una njia mbili. Njia kubwa hupitisha mkojo. Njia ndogo inaelekea kwenye puto dogo lililo karibu na ncha ya ndani. Mpira ukishafika kibofuni, muuguzi hulijaza puto hilo kwa maji safi ya hospitali akitumia bomba la sindano. Kwa mtu mzima mara nyingi ni mililita 10, yaani kama vijiko viwili vya chai. Puto likishajaa, mpira hautoki kwa urahisi.

Ndiyo sababu kwa nje unaona ncha mbili zilizogawanyika kama panda ya manati. Ncha moja imeungwa na mfuko. Ya pili ina kizibo cha rangi, nayo ndiyo njia ya puto. Hiyo ya rangi haihusiani na mkojo. Usiifungue, usiidunge sindano, wala usiikate.

Jambo la pili la kujua: mpira hauna pampu. Mkojo huteremka kwa uzito wake tu, kama maji yanavyoshuka kutoka kwenye tangi lililo juu. Chochote kinachoipandisha njia juu, kuikunja au kuiziba, kinausimamisha mkojo. Na figo hazingoji. Zinaendelea kuchuja usiku na mchana. Mtu mzima anayekunywa maji ya kutosha hutoa mkojo wa kama lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na kibofu hubeba kama mililita 400 hadi 500 tu. Piga hesabu mwenyewe, mama. Njia ikifungika saa ya kulala, kufika alfajiri kibofu kimekwisha jaa.

MFUKO HAUPATI MKOJO: VITUO VITANO

Ukiona mfuko umekaa muda bila kuongezeka, usishtuke na usianze kuvuta. Nawa mikono kwa sabuni, kisha fuata njia kutoka mfukoni hadi kwa mgonjwa. Kuna vituo vitano.

Kituo cha kwanza ni mfuko. Je, umejaa? Mfuko uliojaa hauna nafasi ya kupokea tena, na uzito wake huvuta mpira. Umwage unapofika nusu au kuzidi kidogo, usingoje ujae. Je, umewekwa wapi? Mfuko ukae chini kuliko kibofu wakati wote, mgonjwa akiwa amelala, ameketi au anatembea. Nimeona mifuko iliyolazwa kitandani kando ya mgonjwa, na mingine iliyofungwa shingoni kama mkoba ili mgonjwa atembee vizuri. Mfuko ukiwa juu, mkojo hauwezi kupanda mlima, na ule uliokwisha toka unaweza kurudi ndani pamoja na vijidudu. Lakini pia usiuache sakafuni. Utundike kwenye ubao wa kitanda, au uutie ndani ya ndoo safi iliyo kando ya kitanda.

Kituo cha pili ni ule mpira mrefu wa plastiki unaotoka mfukoni. Upapase wote kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Tafuta mahali ulipokunjika, ulipopitishwa chini ya mguu wa kitanda, au ulipobanwa na kiti cha magurudumu. Tazama kama unaning'inia na kufanya kitanzi kinachoshuka chini na kupanda tena. Kitanzi hicho hushika mkojo na kuziba njia hata kama hakuna mkunjo. Uweke mpira uteremke moja kwa moja hadi mfukoni.

Kituo cha tatu ni pajani. Hapa ndipo mzee wetu alipokwama. Mpira haufungwi kwa kamba, kwa leso wala kwa lastiki ya kuubana. Ubandike juu ya paja kwa plasta, na uuache ulegee kidogo ili mgonjwa akinyoosha mguu usivutwe. Upite juu ya paja, usipite chini yake. Kwa mwanamume unaweza pia kubandikwa chini ya tumbo, kama alivyokuonyesha muuguzi.

Kituo cha nne ni mwili wenyewe. Mgonjwa ameulalia mpira? Ameukalia? Suruali au nepi imebana? Mgeuze ubavu wa pili, au mketishe, kisha ungoje kidogo. Wakati mwingine matundu ya ncha ya ndani huwa yamegandamana na ukuta wa kibofu, na kugeuka tu kunayaachilia. Kama mfuko ulikuwa umening'inizwa chini sana, uinue kidogo, lakini usifike kimo cha kibofu.

Kituo cha tano ni tumbo. Uliza: amekwenda choo kikubwa lini? Utumbo uliojaa choo kigumu hukaa nyuma ya kibofu na njia ya mkojo, ukaubana mpira kutoka ndani. Mgonjwa wa kiharusi anayelala muda mrefu hupatwa na hili sana, na mara nyingi watu wa nyumbani hawaoni uhusiano. Kisha weka kiganja chako taratibu chini ya kitovu. Kama ni laini na mgonjwa hana maumivu, huenda hajanywa maji ya kutosha. Mkojo wake wa mwisho ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi? Mpe maji, isipokuwa kama daktari amempimia kiasi cha maji kwa sababu ya moyo au figo. Lakini kama ni pagumu na pamevimba kama kichwa cha mtoto, kibofu kimejaa na njia imeziba.

UKIKAGUA YOTE NA BADO HAUJI

Hapo mpira wenyewe umeziba ndani. Kinachouziba mara nyingi ni kimoja kati ya vitu viwili.

Cha kwanza ni mchanga mweupe. Mama, unajua ule weupe unaoganda ndani ya birika la kuchemshia maji ya kisima? Mpirani hutokea kitu kama hicho. Kuna vijidudu vinavyoweza kuishi kwenye mpira na kugeuza mkojo uwe kama magadi. Chumvi zilizomo kwenye mkojo zikaganda, zikajenga ukuta kidogo kidogo mpaka tundu likafungika. Ukiona chembe kama mchanga mfukoni, au mpira ukiziba mara kwa mara kabla ya tarehe ya kubadilishwa, mwambie muuguzi. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji kubadilishiwa mapema kuliko wengine, na huenda akahitaji kupimwa kama ana mawe kibofuni.

Cha pili ni damu iliyoganda, hasa baada ya upasuaji wa tezi dume au wa kibofu. Mkojo wa rangi ya waridi siku za kwanza unaweza kuwa wa kawaida. Lakini mabonge ya damu, au mkojo mwekundu mzito, si jambo la kungojea nyumbani.

Sasa nisikilize vizuri. Mpira ulioziba ndani haufunguliwi nyumbani. Usiingize waya, mshipi, unyoya wala kitu chochote. Usisukume maji kwa bomba la sindano, hata kama uliona nesi akifanya hivyo. Usiutenge mpira na mfuko ili kupuliza. Kazi hiyo ni ya muuguzi, na mara nyingi atauondoa na kuweka mpya.

Ungoje muda gani? Kama mgonjwa ana maumivu au tumbo la chini limevimba, usingoje hata kidogo, hata kama ni usiku. Kama hana maumivu na tumbo ni laini, mpe maji, mgeuze, na umtazame. Usizidishe muda wa saa mbili. Ukipita bila mkojo, anza safari.

Nasema hivi kwa sababu nimeona upande wa pili pia. Kuna mzee mwingine ambaye watu wa nyumbani kwake waliona mfuko mkavu wakasema hali vizuri ndiyo maana hakojoi. Wakangoja siku ya soko, kwa kuwa ndiyo siku ya magari. Alipofika, tumbo lake lilikuwa kama chungu, ana homa na hatambui watu. Tulipobadilisha mpira ulitoka mkojo wa zaidi ya lita moja, wenye usaha. Alilazwa majuma matatu. Alipona, lakini figo zake hazikurudi kama zamani.

Mama wa kwanza alilipa nauli ya mkopo kwa jambo ambalo mkono wake mwenyewe ungelimaliza. Jamaa hawa wa pili walikaa nyumbani na jambo ambalo mikono yao isingeliweza. Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo ninayotaka uijue leo.

MKOJO UNAPITA KANDO YA MPIRA

Wengine mfuko unapata kidogo, lakini nguo na godoro vinalowa. Mkojo unapita nje ya mpira badala ya kupita ndani. Wengi hudhani mpira ni mdogo, wakaomba mkubwa zaidi. Mara nyingi mpira mkubwa huongeza tabu, kwa kuwa huchubua njia ya mkojo na kukikera kibofu zaidi.

Sababu ya kwanza ya kutazama ni ile ile: njia imeziba au imekunjika, na mkojo umetafuta mlango mwingine. Kwa hiyo rudia vituo vyako vitano. Sababu ya pili ni choo kigumu. Sababu ya tatu ni kibofu kujikaza. Kibofu ni msuli, na puto lililomo ndani ni mgeni. Msuli hujaribu kumsukuma mgeni nje, mgonjwa akahisi mkazo wa ghafla kama anataka kukojoa, na mkojo ukaruka kando. Mpira ukivutwavutwa, mikazo huzidi, ndiyo maana nasisitiza plasta pajani. Kama mikazo inaendelea, daktari ana dawa za kukituliza kibofu. Kama pamoja na kuvuja kuna homa au mgonjwa anatetemeka kwa baridi, huenda ni maambukizi, naye apelekwe siku hiyo hiyo.

Ukiona sakafu imelowa lakini mgonjwa ni mkavu, usikimbilie hospitali. Tazama mdomo wa chini wa mfuko, huenda uliachwa wazi baada ya kumwaga. Tazama pia kama mfuko umetoboka. Ukiwa umetoboka, badilisha kwa mfuko mpya. Usiufunge kwa gundi, na usiweke karatasi ya nailoni au glavu mahali pa mfuko.

MPIRA UMEVUTIKA AU UMECHOMOKA

Mgonjwa aliyechanganyikiwa huuvuta. Mtoto huuchezea. Mwingine anashuka kitandani akasahau mfuko umetundikwa. Puto likiwa limejaa, kuuvuta mpira ni kupitisha kitu cha ukubwa wa tunda dogo katika njia nyembamba. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, kama sentimita 4, lakini ya mwanamume hufika kama sentimita 20, na ikichanika inaweza kupona na kovu litakaloizuia kwa miaka mingi.

Kama umetoka nusu, usiurudishe ndani na usimalizie kuuvuta. Ubandike hapo ulipo ili usiendelee kuvutika, kisha mpeleke. Huenda puto limekaa ndani ya njia ya mkojo.

Kama umetoka wote, usiuoshe ukaurudisha. Msafishe mgonjwa kwa maji na sabuni, na kama kuna damu weka kitambaa safi. Kisha fanya jambo moja ambalo wengi husahau: utie mpira ule katika mfuko wa nailoni uende nao. Muuguzi atatazama kama puto ni zima au kipande kimebaki ndani. Mgonjwa apelekwe siku hiyo hiyo, kwani asipoweza kukojoa mwenyewe kibofu kitajaa tena. Aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni apelekwe saa hiyo hiyo.

Na tafadhali, usiukate mpira kamwe. Kuna wanaoamini kwamba ukiukata, maji ya puto yatamwagika na mpira utatoka wenyewe. Wakati mwingine puto halitoi maji, na kipande kilichobaki kinarudi ndani kibofuni. Hapo mgonjwa anaweza kuhitaji upasuaji wa kukitoa.

Hata kwetu hospitalini hutokea muuguzi akajaribu kutoa maji ya puto yakakataa. Ukiona hivyo usiogope, wala usikubali mtu autoe kwa nguvu. Njia ile ndogo huenda imejikunja au kuziba. Tunazo njia za kujaribu polepole, na zikishindikana daktari wa upasuaji analitoboa puto kwa utaratibu.

WAGONJWA WASIOWEZA KUNGOJA

Wako watatu ambao kwao mpira ulioziba ni dharura kuliko kwa wengine.

Wa kwanza ni mama aliyetengenezwa fistula. Baada ya upasuaji huo huwa na mpira kwa wiki moja au mbili hivi, ili kibofu kikae kitupu na mshono ushike. Mpira ukiziba, kibofu kinavimba na kuuvuta mshono, na kidonda kinaweza kufunguka. Mama aliyengoja miaka kukauka anaweza kurudi kulowa kwa sababu ya mkunjo mmoja wa mpira. Huyu hana muda wa kungoja. Kagua vituo vyako upesi, na mkojo usipokuja, nenda. Ni vivyo hivyo kwa mama aliyeachiwa mpira baada ya uchungu wa kuzaa uliochukua muda mrefu. Mpira ule amewekewa ili kibofu kilichobanwa na kichwa cha mtoto kipumzike na kipone.

Wa pili ni aliyeumia uti wa mgongo, hasa shingoni au sehemu ya juu ya mgongo. Huyu hasikii maumivu ya kibofu. Badala yake kichwa kinamgonga vibaya ghafla, uso unamwiva, anatoka jasho kichwani na shingoni. Shinikizo la damu limepanda, na linaweza kumletea kiharusi. Mketishe wima mara moja, legeza nguo zote zinazombana, nyoosha mpira, mwaga mfuko. Asipopata nafuu papo hapo, mkimbize hospitali.

Wa tatu ni mtoto mdogo. Mpira wake ni mwembamba, na bonge dogo tu la damu linatosha kuuziba. Kibofu chake pia ni kidogo, hujaa haraka. Mvalishe nguo ya kufunika mpira asiuchezee, na umtazame mara nyingi zaidi kuliko mtu mzima.

KAZI ZA KILA SIKU

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi hizi ni ndogo, lakini huzuia mengi niliyoyataja.

Asubuhi na jioni, safisha mahali mpira unapoingilia kwa maji na sabuni ya kawaida. Pangusa mpira kutoka mwilini kwenda nje, usirudishe mkono. Mwanamume ambaye hajatahiriwa, ngozi ya mbele ivutwe nyuma taratibu isafishwe, kisha irudishwe mbele. Isiporudishwa itavimba na kubana.

Usipake mafuta ya mgando kwenye mpira. Mipira mingi ni ya lateksi, na mafuta hayo huila lateksi. Puto linaweza kupasuka.

Mpe maji ya kunywa mara kwa mara kutwa nzima, kama hajakatazwa. Mpe matunda na mboga ili choo kisiwe kigumu.

Nawa mikono kabla na baada ya kumwaga mfuko. Mwaga katika chombo chake maalumu, na mdomo wa mfuko usiguse chombo. Usitenge mpira na mfuko bila sababu, kwani kila unapotenga unawafungulia vijidudu mlango.

Andika tarehe. Mpira wa lateksi kwa kawaida hukaa kama wiki 4, na ule wa silikoni unaweza kufika wiki 12. Muuguzi atakuambia mgonjwa wako ana upi. Andika siku uliowekwa na siku ya kubadilishwa ukutani ambapo kila mtu ataona. Kabla ya kuondoka hospitalini, uliza maswali matatu: Huu ni mpira wa aina gani? Utabadilishwa lini na wapi? Je, bado anauhitaji? Swali la tatu usilione haya. Mpira usiohitajika tena ni hasara tupu kwa mgonjwa, na wengine hukaa nao kwa sababu hakuna aliyeuliza.

CHUKUA KALAMU, ANDIKA

Mpeleke mgonjwa hospitali bila kungoja ukiona lolote kati ya haya:

Mkojo hauji, na chini ya kitovu kumevimba au kunauma.

Muda wa saa mbili umepita bila mkojo baada ya kukagua vituo vyote vitano na kumpa maji.

Mpira umechomoka au umevutika nusu.

Kuna mabonge ya damu au mkojo mwekundu mzito.

Ana homa, anatetemeka, au ameanza kuchanganyikiwa.

Ameumia uti wa mgongo na kichwa kinamgonga ghafla huku akitoka jasho.

Mama, yule mkwe wa mzee sikumruhusu aondoke siku ile kabla hajanionyesha mwenyewe. Nilimpa mpira mpya na mfuko, nikamwambia anifundishe kama vile mimi ndiye mgeni. Akaanza mfukoni, akapanda, kituo kwa kituo, mpaka tumboni. Alikosea mara moja tu, akajisahihisha. Mzee alikaa na mpira ule wiki nyingine tano akingoja zamu ya upasuaji. Mara mbili mkojo ulisimama usiku. Mara ya kwanza aliukuta mpira umebanwa na ubao wa kitanda, akauachilia, wakalala. Mara ya pili alipita vituo vyote akaona hakuna mkunjo, tumbo limeanza kuvimba. Hakungoja alfajiri. Aliamsha kijana wa pikipiki, na saa nane ya usiku wakagonga lango la hospitali. Mpira ulikuwa umeziba kwa mchanga mweupe, ukabadilishwa.

Nawe mama, leo ukimaliza kusikiliza, inuka uende kwa mgonjwa wako. Weka mkono mfukoni, fuata njia. Na kama kuna jambo hukulielewa, muulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu au njoo zahanati iliyo karibu nawe. Hakuna swali la aibu kuhusu mkojo.